Dubai Iko Karibu Kuliko Kampala: Tunamuaga Mama Sadiya

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Zuhurah Tahiru anakabidhi funguo za dawati la tiketi baada ya kulikalia kwa miaka ishirini na saba. Alipofika, dawati hilo lilikuwa meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, akauwekea kipande cha tofali chini. Meza imebadilishwa mara tatu tangu wakati huo, zote miguu sawa, na tofali bado lipo kwa sababu hataki liondolewe. Wageni waalikwa wa safu ya mbele mnaombwa msilipige teke.

Bi. Zuhurah ni mzaliwa wa hapa hapa Arua, wa ukoo wa wale askari wa enzi za ukoloni waliotoka Sudan na kubaki. Mtu akimlalamikia kwamba ndege imechelewa, humwambia kwamba babu wa babu yake alifika huku kwa miguu, na njiani hakupewa hata soda. Aliolewa na marehemu Nasuru wa Dranya, kule Koboko, mkulima na mtu wa maneno machache, ambaye alifariki mapema akamwachia binti mmoja. Binti huyo aliitwa Sadiya. Tangu hapo Arua nzima, kuanzia waendesha boda mpaka meneja wetu, inamwita Mama Sadiya, na sisi katika maandishi haya tutamwita hivyo hivyo. Wapo waliomuuliza, baada ya yote yaliyotokea, kama bado anataka kuitwa jina hilo. Alijibu kwamba hajapewa jingine.

Alianza kazi Wakala wa Safari Enyau mwaka 1998, wakati biashara yetu ilikuwa tiketi za basi la Kampala na vifurushi vya samaki wakavu. Tiketi za ndege zilikuwa chache, na kila moja ilihitaji kupiga simu Kampala na kupiga kelele mpaka majirani wa duka la pili wakajua unakwenda wapi na nani atabaki na watoto. Ndipo Mama Sadiya akaleta ramani ya dunia, akaigongomea ukutani nyuma ya kiti chake, akachomeka pini Entebbe na kuifunga uzi mwekundu wa kushonea. Mteja akitaja mji, uzi unavutwa mpaka hapo. Kisha Mama Sadiya analaza vidole juu yake, kidole kimoja saa moja. London ilikuwa vidole vinane na kucha. Dubai ilikuwa vidole vitano, yaani mkono mzima pamoja na dole gumba. Kompyuta ilipokuja na kutuambia kwamba kutoka Entebbe hadi Dubai ni kama kilomita elfu tatu na mia saba, mwendo wa saa tano hivi angani, aliutazama uzi wake, akasema kompyuta nayo imejitahidi.

Visa vyake pale dawatini ni vingi kuliko nafasi tuliyopewa. Papa Ulrich, mfanyabiashara wa vitenge kutoka ng'ambo ya Congo, aliwahi kuomba apunguziwe nauli kwa kuwa yeye angeshukia njiani, juu ya Juba. Mama Sadiya hakucheka. Alimjibu: "Papa Ulrich, gari ya juu haina steji. Lakini ukitaka kuruka, mimi nitakukatia nusu." Papa Ulrich alilipa nzima, na tangu siku hiyo hanunui tiketi kwa mtu mwingine. Kuna bibi mmoja wa Awindiri aliyetaka ndege imsubiri mpaka mihogo yake ikauke. Wengine wangebishana naye. Mama Sadiya alimuuliza mihogo imeanikwa lini, akaangalia mawingu mlangoni, akamsogezea tarehe.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Mara mbili alipewa safari ya bure, mara mbili akaikataa. Alisema muuza mandazi halazimiki kuogelea kwenye mafuta.

Sasa tuje kwenye maneno ya ukutani, maana hakuna namna ya kumuaga mama huyu bila kuyataja, na yeye mwenyewe ametuambia tusiyafiche.

Wasichana wetu walipoanza kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, mama zao walikuwa wanakuja hapa kabla ya kukata tiketi. Walikuja kutoka Koboko, Maracha, Yumbe. Hawakuuliza bei kwanza. Waliuliza ni mbali kiasi gani. Mama Sadiya alivuta uzi, akalaza mkono wake, akawaambia kile alichokiona. Basi la Kampala linakula usiku mzima, mwendo wa saa nane kama barabara ina huruma. Ndege ni saa tano. "Dubai iko karibu kuliko Kampala." Mama zao walitazama mkono ule juu ya ramani, na mabega yakashuka. Meneja aliyapenda maneno hayo, akamwita mchoraji, yakaandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa nje, herufi kubwa kama za dukani. Biashara ilichangamka. Na maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililotuumiza baadaye.

Mwaka 2018 Sadiya naye aliamua kwenda. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amejifunza kushona na hana cherehani, na wakala mmoja wa Kampala alikuwa amemtafutia nyumba ya kufanyia kazi. Mama yake alimkatia tiketi mwenyewe, kwenye dawati hili. Akavuta uzi mbele yetu sote kwa madaha, akalaza vidole vyake vitano kutoka Entebbe mpaka Dubai. Sadiya akacheka, akaweka mkono wake hapo hapo. Alikuwa na mkono mdogo, mwembamba, wa marehemu baba yake. Ulifika katikati ya bahari ukaishia hapo. "Kwa mkono yangu iko mbali, mama," akasema. Tulicheka sana siku ile.

Simu ilikuja Machi mwaka uliofuata, asubuhi, wateja wakiwa wamejaa. Waliopiga kutoka Dubai walisema Sadiya amefariki, ni moyo. Hawakusema zaidi ya hapo, na mpaka leo hakuna aliyesema zaidi. Mama Sadiya aliiweka simu chini, akakaa wima. Haikupita muda simu ikalia tena; alikuwa shemeji yake Hakimu, mdogo wake marehemu Nasuru, akipiga kutoka Dranya. Habari ilikuwa imeshafika kule. Hakimu aliuliza swali ambalo mwanaume yeyote mwenye msiba nyumbani angeuliza: mtoto atafika saa ngapi?

Mama Sadiya akajibu, "Masaa tano."

Tulimsikia wote. Hakuwa anamjibu Hakimu. Mdomo ulitoa jibu ambalo ulikuwa umewajibu watu miaka na miaka, akili yake ikiwa haipo kabisa pale. Na Hakimu hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Katika ukoo ule mzima wa Dranya, watu wanabishana kuhusu mipaka ya mashamba, wanabishana kuhusu mvua, lakini mambo ya ndege ni ya Mama Sadiya, na akisema amesema. Maiti ya Mwislamu haicheleweshwi. Hakimu akawaita ndugu zake, wakachukua majembe. Kufikia alasiri kaburi lilikuwa tayari, pembeni mwa kaburi la Nasuru, karibu na mihogo, na kina mama walikuwa wameshateka maji ya kumwoshea.

Sadiya hakufika jioni ile, wala kesho yake. Wakala wa Kampala alizima simu. Mwenye nyumba kule alisema msichana alikuwa ameshaacha kazi kwake, kwa hiyo si wake. Kila ofisi iliyopigiwa ilitaka sahihi ya mtu fulani, na mtu huyo hakuwepo. Ndege zilikuwa zinatoka Dubai kila siku, saa tano tu angani, na hakuna hata moja iliyomchukua.

Kule Dranya kaburi lilikuwa wazi. Watu wa ukoo ule wanaamini kwamba kaburi likishafunguliwa halilazwi peke yake, kwa hiyo Hakimu na ndugu zake walikaa nalo kwa zamu, na mkeka na chupa ya chai. Waliopita njiani waliwasalimia, wakauliza nani amefariki, wakaambiwa, wakauliza yuko wapi, wakaambiwa anakuja. Siku ya nne mvua ilinyesha na kingo zikaanza kumeguka. Imamu akasema inatosha. Wakaswali sala ya ghaibu, ile ya maiti ambaye hayupo mbele yenu, kisha wakarudisha udongo kwenye shimo tupu, na udongo ukatengeneza tuta, kama unavyofanya siku zote.

Siku hizo zote Mama Sadiya hakwenda Dranya kukaa msibani. Alikaa hapa dawatini, amejifunga gurbaba, ile shuka yake nyeupe ya kujifunika, akipiga simu, kwa sababu alijua kwamba akiinuka hakuna mwingine wa kupiga. Sisi tulimletea chai akaiacha ipoe. Baada ya wiki tatu ikaja picha kwenye simu, imetumwa na Medina, msichana wa Maracha aliyekuwa akifanya kazi mtaa mmoja na Sadiya. Ilionyesha kifusi cha kokoto na jiwe lenye namba. Jina halikuwepo. Medina alisema hakuwepo wakati wa kuzika. Alionyeshwa tu, akaambiwa ni hapa, amezikwa pamoja na wengine ambao hawakuuliziwa na mtu. Mama Sadiya aliikuza picha ile kwa vidole mpaka ikawa haina maana tena, kokoto tu.

Jumatatu iliyofuata alikuja kazini na debe la rangi nyeupe. Akapanda juu ya kiti, akayafuta maneno ya ukutani, herufi moja baada ya nyingine. Meneja alitoka nje kwa hasira, akamtazama, kisha akainama akamshikia kiti. Rangi yenyewe ilikuwa hafifu. Mpaka leo mvua kubwa zikinyesha, bluu inachungulia chini ya nyeupe, na wanaojua husoma.

Wengi wetu tulidhani ataacha kazi. Hakuacha, na tukiri kwamba miaka iliyofuata ndiyo aliyofanya kazi kubwa kuliko yote. Mji ulipopandishwa kuwa jiji mwaka 2020 naye alipandishwa kuwa mkuu wa dawati, na alisema jiji limepata taa mbili na yeye kapata kalamu mbili, kwa hiyo hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Mwaka huo huo wa korona viwanja vya ndege vilifungwa, na hata walio hai hawakuweza kurudi. Alikaa na simu za wasichana waliokwama, wengine akiongea nao kila Ijumaa, hana la kuwapa isipokuwa sauti yake.

Viwanja vilipofunguliwa, masanduku ya maiti nayo yakaanza kuja. Si mengi, lakini kila moja lilikuwa na nyumba yake. Familia ikipata habari ya msiba kutoka ng'ambo, ilikuja kwetu, na Mama Sadiya hakumruhusu mtu mwingine kuwapokea. Neno lake la kwanza, hata kabla ya pole, lilikuwa moja: "Musichimbe." Watu walishtuka. Wengine walikasirika, maana dini inawahimiza na wazee wanawasukuma, na huyu mama amekaa pale na gurbaba yake anawaambia wakae. Alirudia taratibu: "Musichimbe mpaka mimi nione sanduku na macho yangu. Nikiona nitapiga simu. Hiyo siku mutachimba, na mutachimba mara moja." Kisha akapanda basi la usiku mpaka Entebbe, akasimama kwenye ghala la mizigo mpaka alipoona. Hapo ndipo alipopiga simu. Hakuna kaburi hata moja huku kwetu West Nile lililolala wazi kwa ajili ya tiketi iliyopita kwenye mikono yake, tangu lile la kwanza.

Wasichana waliokuja kukata tiketi za kwenda hakuwafukuza pia. Aliwauliza mambo ambayo mama zao hawakutaka yaulizwe: nani atakuwekea sahihi kule? Tukipiga simu nani atapokea? Mama mmoja alimwambia anawaletea wenzake mkosi kwa sababu wake umeshampata. Mama Sadiya alimalizia kuandika, akampa tiketi yake kwa mikono miwili. Na mtu akiuliza ni mbali kiasi gani, hakuweka tena mkono wake juu ya ramani. Alimwambia msafiri aweke wa kwake. Wasichana wengi wana mikono midogo. Waliona wenyewe ulipoishia, na baadhi yao walirudi nyumbani kufikiri. Rabia wa Koboko aliona, akaenda hivyo hivyo, akarudi mzima baada ya miaka miwili na chupa ya marashi. Chupa hiyo iko kwenye droo ya juu, haijafunguliwa, na Mama Sadiya akija kukasirika na printa huitoa, akaishika, akairudisha.

Mwezi uliopita alikwenda Dranya kumweleza Hakimu kwamba anastaafu na anataka kurudi kulima kwenye ardhi ya marehemu mumewe. Mwandishi wa maandishi haya alimsindikiza, maana mama huyu hapendi kukaa peke yake nyuma ya boda. Tulipewa chai na karanga. Kisha Mama Sadiya akaomba jambo moja. Aliomba lile tuta lililo pembeni mwa Nasuru lisawazishwe, palimwe kama penginepo. Alisema hawezi kulima kila asubuhi akipita kando ya kaburi ambalo halina mtu.

Hakimu amezeeka sasa. Alisema, "Shemeji, hiyo udongo mimi sigusi. Wewe ndiyo unasemaga, mutu asichimbe mpaka aone na macho. Na kufukia je? Mimi nilifukia shimo, sikuona mtoto. Wewe hukuona. Iko picha ya mawe tu." Mama Sadiya alitaka kusema kitu, Hakimu akamkatiza kwa upole: "Nenda uone. Ukirudi useme umeona, hiyo siku mimi mwenyewe nitachukua jembe."

Tukarudi Arua. Tuliposhuka mbele ya ofisi Mama Sadiya alisimama kidogo chini ya ule ukuta, akauliza pasipoti siku hizi zinachukua muda gani.

Kamati ya sherehe ilikuwa imepanga kumnunulia friji. Friji imeahirishwa. Zawadi yake iko ndani ya bahasha itakayosomwa leo, na kwa kuwa Arua haina siri, tuseme tu: ni tiketi ya Entebbe hadi Dubai na kurudi, Jumatatu ijayo. Medina, ambaye bado yuko kule, atampokea uwanjani na kumpeleka makaburini. Tiketi imekatwa na Adriko, mrithi wake wa dawati, ambaye alifundishwa naye na bado anamwogopa. Alipomaliza kuichapa aligeuka kwa mazoea kumtajia muda wa safari, mdomo ukafunguka, ukafunga. Mama Sadiya aliona. Alimpigapiga begani, akamwambia ramani anamwachia, uzi anamwachia, na akumbuke kupima kwa mkono wa mwenye kusafiri. Kisha akalaza wake mwenyewe juu ya ramani, mara moja, kwa kuwa safari hii msafiri ni yeye. Umekunjamana na uzee mkono ule. Haufiki Dubai tena.

Tunajua anachokwenda kukitazama. Hatumwambii asilie, wala hatumwambii atapata amani, maana hakuna aliyetupa sisi amani hiyo tuigawe. Anakwenda kutafuta namba kwenye jiwe, aisimamie, aiombee, arudi aseme nimeona. Akisema hivyo, Hakimu atachukua jembe. Asiposema, tuta litabaki, na mihogo italimwa kulizunguka kama ilivyolimwa miaka hii sita.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Enyau, tunakushukuru, Mama Sadiya, kwa miaka uliyotupimia dunia, kwa makaburi ambayo hayakulala wazi, kwa wasichana uliowauliza maswali, na hata kwa tofali. Tunakuombea afya, mvua za wakati, na shamba lisilo na magugu. Nenda salama, uone, urudi. Hakimu amefunga mbuzi Dranya kwa ajili ya siku ya kurudi kwako, na vijana wake wameshaanza kuuliza atachinjwa saa ngapi. Tumewajibu kama ulivyotufundisha: hachinjwi mpaka tukuone kwa macho yetu.

Stéphanie, dawati la mizigo